Vielezi Vidogo Vinavyomshinda Mwanafunzi Mkubwa

Mgeni alikuwa amesimama mbele ya meza ya mapokezi, begi lake likiwa sakafuni, akauliza kwa Kiingereza kama chumba chake kiko tayari. Kijana aliyekuwa zamu, ambaye kwa miezi kadhaa alikuwa akihudhuria darasa langu la jioni hapa Unguja, alimjibu kwa tabasamu na kwa neno moja: "Still." Mgeni akangoja sentensi iendelee, nayo haikuendelea. Akauliza tena, akajibiwa tena "Still", safari hii kwa upole zaidi, kama mtu anayembembeleza mtoto. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni nikimsubiri jamaa yangu, na kama Waswahili wote waliokuwa pale ukumbini nilielewa papo hapo kwamba kijana amesema "Bado", yaani chumba kinafanyiwa usafi na kitakuwa tayari muda si mrefu. Mgeni peke yake ndiye aliyebaki njia panda, kwa sababu neno hilo likisimama peke yake kwa Kiingereza halijibu swali alilouliza. Jibu lililohitajika lilikuwa "Not yet".

Kijana yule si mwanafunzi dhaifu. Anasoma habari za Kiingereza kwenye simu yake, anajibu barua pepe za wageni bila msaada wa mtu, na ukimpa vivumishi ishirini avigeuze kuwa vielezi kwa kuvipachika "-ly" mwishoni, atakuwa amevigeuza vyote kabla hujamaliza kufuta ubao. Katika mfumo wa viwango vya lugha wa Baraza la Ulaya uliochapishwa mwaka 2001, ambao una ngazi sita kuanzia A1 hadi C2, ningemweka B1 bila kusita, yaani kiwango cha kati, ambapo mtu anaweza kujitegemea katika mambo mengi ya kila siku. Ndiyo maana ile "Still" yake ilinikera mimi kuliko ilivyomkera mgeni: ilinionesha kwamba nimemfundisha vielezi kwa miezi kadhaa bila kumfundisha kile anachokihitaji kazini kila saa.

Ninachotaka kukieleza ni kwamba, kwa mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili, vielezi vigumu vya Kiingereza si vile virefu vyenye "-ly", bali ni vile vifupi ambavyo maana yake Kiswahili kimeificha ndani ya kitenzi. "Already", "yet", "just", "ever", "nearly", "usually", "too": maana zote hizi Mswahili anazo na anazitumia tangu utotoni, lakini akizitafuta katika orodha ya vielezi vya lugha yake hazipati zote, kwani baadhi ni viambishi visivyoweza kusimama peke yake, na nyingine ni vitenzi kamili. Mwalimu anayeanza na orodha ya vielezi, basi, anaanza mahali ambapo mwanafunzi wake hana cha kushika.

Orodha hiyo wengi wetu tumeikariri. Kielezi ni neno linaloeleza jinsi tendo lilivyotendeka. "Slow" huwa "slowly", "quick" huwa "quickly", "careful" huwa "carefully". Jaza nafasi zilizo wazi. Somo hili halikosi sifa zake, kwa kuwa ni rahisi kulifundisha na ni rahisi zaidi kulisahihisha. Pia sitaki kudai kwamba halina kazi, maana mwanafunzi wa sekondari nchini Tanzania, ambaye katika shule za serikali ametoka kusoma msingi kwa Kiswahili na sasa anatakiwa kueleza jaribio la kemia kwa Kiingereza, atakutana na "gradually" na "partially" mapema sana na hana budi kuzifahamu. Lakini katika mazungumzo ya kila siku hesabu ni nyingine. Ukitazama mkusanyo wa matini wa British National Corpus, wenye maneno takriban milioni 100 ya Kiingereza cha Uingereza cha mwishoni mwa karne ya 20, utakuta vielezi vinavyojirudia kuliko vingine ni vya aina ya "so", "then", "now", "just" na "also", huku "slowly" na "quickly" vikifuata kwa mbali sana.

Isitoshe, vielezi vya namna, yaani hivi vya jinsi tendo lilivyotendeka, ndivyo ambavyo Mswahili anavijia akiwa amejiandaa. Lugha yake inavitengeneza kwa utaratibu unaofanana sana na wa Kiingereza: "-zuri" huwa "vizuri", "-baya" huwa "vibaya", "rafiki" huzaa "kirafiki", "mfalme" huzaa "kifalme", na palipo na nomino huongezwa "kwa" tukapata "kwa makini" na "kwa upole". Hata asili ya "-ly" si ngeni kwake akielezwa, maana kiambishi hicho kinatokana na neno la Kiingereza cha kale lililohusu mwili na umbo, ukoo mmoja na "like", kwa hiyo "friendly" ni "mfano wa rafiki" kama ilivyo "kirafiki". Na tofauti ya "good" na "well", ambayo huwasumbua wanafunzi wa mataifa mengine kwa miaka, humalizika kwa dakika mbili mbele ya mtu ambaye hajawahi maishani mwake kusema "anaimba nzuri" badala ya "anaimba vizuri".

Katika kundi hilo la "-ly" kuna mitego michache inayostahili kipindi chake. Ule wa "I work hardly" kila mwalimu anaufahamu, na nitaurudia baadaye kwa sababu nyingine. Unaonivutia zaidi ni wa "shortly", ambao niliukuta kwa waongoza watalii. Mwongozaji husimama mbele ya jumba la kale la Mji Mkongwe na kutangaza, "I will tell you shortly the history of this house," akiwa na maana ya kwamba ataieleza kwa ufupi, kisha anaanza kuieleza hapo hapo. Wageni wake wamesikia kwamba ataieleza baadaye kidogo, hivyo wanageukia kamera zao, na yeye anahisi amedharauliwa. Alichohitaji ni "briefly". Nao mlinganisho wa "late" na "lately" huleta mkanganyiko kama huo: anayeandika "I came lately" akitaka kusema alichelewa anafahamika kana kwamba amehamia mjini juzijuzi.

Hata hivyo, hayo ni makosa ya msamiati na dawa yake ni kuyaonesha. Tatizo la vielezi vidogo ni la ndani zaidi, na ili mtu alielewe inampasa kwanza akitazame kitenzi cha Kiswahili.

Kitenzi chetu ni nyumba iliyofungwa. Nafsi, njeo (yaani wakati), kiambishi cha mtendwa na mzizi vimeshikana kiasi kwamba hakuna neno linaloweza kupenya katikati: huwezi kuchukua "amefika" ukaingiza kielezi kati ya "ame" na "fika". Kinachoweza kuingia ni kiambishi tu, na ndivyo "-sha-" ilivyoingia, ikitokana na kitenzi "kwisha": "amekwisha kufika" ikafupishwa na kuzoeleka hadi ikawa "ameshafika". Kiingereza nacho kimeunda maana hiyo hiyo kwa kutumia wazo la ukamilifu, kwani "already" ni "all" na "ready" zilizoungana, lakini kimeibakiza kuwa neno linalojitegemea na kulipa nafasi yake katikati ya kitenzi saidizi na kitenzi kikuu: "She has already arrived." Mwanafunzi wetu, ambaye hajazoea kuona mlango ukiwa wazi mahali hapo, analiweka neno nje ya nyumba, mwanzoni mwa sentensi, na kusema, "Already she has arrived." Haeleweki vibaya, lakini anasikika kama mtu aliyebandika kibao ukutani.

Jambo la ajabu ni kwamba mahali ambapo Kiingereza kinafunga mlango, Kiswahili kinaufungua. Sisi husema "Napenda sana chai" bila shida yoyote, kielezi kikiwa kimekaa kati ya kitenzi na yambwa yake, yaani kile kinachotendwa, na kutoka hapo huzaliwa "I like very much tea", sentensi ambayo nimeisahihisha mara nyingi kuliko nyingine yoyote. Kiingereza hakipendi kitu kitenganishe kitenzi na yambwa, ilhali kinakaribisha "always" na "never" mbele ya kitenzi. Kanuni hii ya milango miwili, mmoja unaofungwa hapa na kufunguliwa kule, imewasaidia wanafunzi wangu kuliko jedwali lolote la nafasi za vielezi, na mimi mwenyewe sikuiona mpaka nilipoacha kutazama Kiingereza peke yake.

Turudi kwa "bado". Neno hili linafanya kazi mbili ambazo Kiingereza kimezigawa. Katika "bado yupo" linasema hali inaendelea, na hapo "still" inafaa: "He is still here." Katika "bado hajafika" linasema jambo linalotazamiwa halijatimia, na hapo panahitajika "yet": "He hasn't arrived yet." Lakini tazama kwa makini sentensi hiyo ya pili, kwani ndani yake "bado" karibu ni pambo. Maana yenyewe imekwisha kubebwa na "-ja-" iliyomo katika "hajafika". Mswahili anajua tofauti ya "hakufika" na "hajafika" bila kufundishwa na mtu: ya kwanza inafunga shauri, ya pili inaacha sufuria jikoni kwa sababu mgeni huenda akatokea. Kwa Kiingereza matumaini hayo yanategemea zaidi neno "yet" kuliko umbo la kitenzi. Mwanafunzi anapotafsiri "hajafika" kuwa "He did not come", amemwambia msikilizaji aondoe sahani mezani.

Nikishafika hapa darasani, huandika ubaoni sentensi nne za Kiswahili, moja chini ya nyingine: "Amefika. Ameshafika. Hajafika. Ndio kwanza anafika." Kisha nauliza ni katika hali gani mtu angesema kila mojawapo, na mjadala unaofuata huwa mkali kwa sababu kila mtu ni bingwa wa lugha yake. Mmoja atasema kwamba "ameshafika" inasemwa pale ambapo aliyeuliza hakutarajia, au pale ambapo tunamwambia asihangaike kupiga simu tena. Mwingine atasema kwamba "ndio kwanza anafika" ina harufu ya utetezi, kama anayesema asilaumiwe, hajapata hata nafasi ya kukaa. Yote hayo ni sahihi, na yote hayo yamo katika "already" na katika "He has just arrived". Neno la Kiingereza linapokuja kuandikwa pembeni linakuta kiti chake kimeshawekwa.

Upande wa pili wa jambo hili ni vitenzi vinavyofanya kazi ya vielezi. Kiswahili kina hazina kubwa ya vitenzi vya namna hiyo, na sidhani kama tunaitumia ipasavyo tunapofundisha. "Kuchelewa" ni kuja "late", na "kuwahi" ni kuja "on time" au "early". "Kuwahi" hiyo hiyo, ikifuatwa na kitenzi kingine, inabeba "ever": "Umewahi kufika Pemba?" ni "Have you ever been to Pemba?" Hapa kuna mtego ambao vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa Ulaya havina sababu ya kuutaja. Kwa kuwa Mswahili husema pia "Ndiyo, nimewahi kufika", anajibu, "Yes, I have ever been there," na hajui kwa nini mwalimu anakunja uso, maana hakuambiwa kwamba "ever" ya namna hii hukaa katika maswali na makanusho, si katika kukubali. "I have been there once" ingetosha.

Na "once" yenyewe ina kisa chake. "Mara moja" kwetu ni idadi na pia ni uharaka, na Kiingereza kwa bahati kimefanya vivyo hivyo katika "once" na "at once". Lakini bahati hiyo ina gharama, kwani kijineno kile cha "at" husahaulika, na meneja anayemwandikia fundi "Come once" akitaka aje mara moja ameweka mkataba wa ziara moja.

Vitenzi hivi huonekana vizuri zaidi katika suala la "too". Nimesikia watu wakisifu chakula kuwa ni "too sweet", wakisifu bahari kuwa ni "too beautiful", na nimesoma barua ya kuomba kazi iliyosema mwandishi wake ni "too interested" katika nafasi hiyo, kana kwamba hamu imemzidi na anaomba msamaha. Maelezo ya kawaida ni kwamba "sana" ni "very" na "mno" ni "too", lakini maelezo hayo hayasaidii, kwa sababu mtu hushukuru mno na kufurahi mno pasipo kuwa na kasoro yoyote. Kasoro kwa Kiswahili tunaisema kwa kitenzi. Chumvi imezidi, viatu vinanibana, shati limenipwaya. Hizo ndizo "too salty", "too tight" na "too big". Mwanafunzi akielezwa kwamba asitumie "too" mpaka awe na kitenzi cha kulalamika kichwani mwake, hakosei tena mara nyingi, na kosa likitokea anajicheka mwenyewe.

Kiambishi "hu-" nacho kinastahili kutazamwa. "Watu wa hapa hunywa kahawa jioni" imeeleza mazoea bila kielezi chochote, na Kiingereza kinaweza kufanya hivyo kwa njeo ya kawaida tu: "People here drink coffee in the evening." Mwanafunzi, akihisi kwamba "hu-" yake imepotea njiani, anaitafutia badala na kuangukia "They use to drink coffee", ambayo si ya wakati uliopo. Anachohitaji kuambiwa ni kwamba mara nyingi "hu-" haina neno la kuitafsiri, na kwamba "usually" huja pale tu anapotaka kukiri kuwa ziko siku ambazo mambo huwa vingine. Kwa mwanafunzi wa Nairobi, ambaye katika mazungumzo yake husema "anakujanga" mara nyingi kuliko "huja", mwalimu hana budi kuanzia kwenye hiyo "-anga". Tunachofundisha hapa ni Kiingereza, na hatuna sababu ya kugombana na mtu kuhusu Kiswahili chake kabla hatujaanza.

Sasa nirudi kwenye "hardly", kama nilivyoahidi. Kosa la kuandika "I work hardly" kwa maana ya "nafanya kazi kwa bidii" huchekesha, lakini ni dogo likilinganishwa na kosa la kutolisikia neno hilo linaposemwa na mwingine. Katika Kiswahili, kukanusha ni kazi ya kitenzi: "simfahamu vizuri", "hali sana", "hajawahi kuja". Sikio la Mswahili limezoea kungoja ishara ya "si-" na "ha-". Mwingereza anaposema "I hardly know him", yaani hamfahamu vizuri, kitenzi chake kimekaa katika hali ya kukubali, na kanusho lote limejificha katika kielezi kinachotamkwa haraka na bila mkazo mkubwa. Aliyelikosa neno hilo ameondoka akiamini kwamba wale wawili wanafahamiana.

"Nearly" na "almost" ni hatari zaidi. Sisi husema "karibu nianguke" au "nusura nianguke", na umbo la kitenzi linaonesha waziwazi kwamba sikuanguka. Kwa Kiingereza mtu husema "I nearly fell", na "fell" hiyo ni ile ile ya aliyekwisha kufika chini. Kinachomzuia asivunjike mguu ni kielezi kimoja tu. Kwamba "karibu" na "nearly" zote mbili zimetokana na wazo la ukaribu ni jambo la kufurahisha na linasaidia kukumbuka, lakini halimwokoi msikilizaji. Kwa sababu hiyo mimi hutenga muda wa kusikiliza tu, nikisoma sentensi kwa kasi ya kawaida na kuuliza swali moja: tendo lilitokea au halikutokea? "She almost missed the boat." Boti ilimwacha au haikumwacha? Darasa lililojaa watu wa kiwango cha kati hugawanyika nusu kwa nusu, na mgawanyiko huo ni ushahidi tosha kwamba tumekuwa tukiwapima kwa kalamu mambo yanayowashinda kwa masikio.

Vimebaki viwili ambavyo havitokani na kitenzi, lakini siwezi kuviacha kwa sababu vinaharibu uhusiano wa watu. Cha kwanza ni "even". "Hata mimi nilikuwepo" kwa Kiswahili ni neno la mshikamano, sawa na "mimi pia". "Even me I was there" kwa sikio la Mwingereza inadokeza kwamba kuwepo kwako ni jambo ambalo hakuna aliyelitegemea, na ukisema "Even your wife is beautiful" unaweza kukosa chakula cha jioni. Cha pili ni "actually". Sisi huanza na "kwa kweli" ili kuonesha moyo mweupe: kwa kweli nimefurahi. "Actually" mara nyingi husahihisha dhana ya msikilizaji, kwa hiyo "Actually, I am happy to work here" inazua swali la nani alisema hufurahii. Wanaokwenda kwenye usaili waliweke akiba neno hili mpaka wapate kitu cha kusahihisha.

Najua pingamizi litakalotolewa. Itasemwa kwamba njia hii inamrudisha mwanafunzi kwenye Kiswahili wakati tunataka akiache mlangoni, afikiri kwa Kiingereza, na kwamba shule nyingi zimetundika kibao kinachosema "Speak English Only" kwa nia hiyo hiyo. Pingamizi hili si la kubezwa, kwa kuwa ni kweli kwamba mtu hajifunzi kuogelea kwa kusimulia maji, na darasa linalotumia dakika arobaini nzima kujadili "ameshafika" bila mtu kutamka "already" limepoteza kipindi. Lakini kukitoa Kiswahili mdomoni si kukitoa kichwani. Kijana wa mapokezi hakutamka neno hata moja la Kiswahili mbele ya mgeni wake, ilhali jibu lake lote lilikuwa la Kiswahili. Kumkataza asiseme "bado" hakukumzuia kuifikiri, bali kulimnyima nafasi ya kuitoa nje, kuichungulia na kugundua kwamba ndani yake mna vitu viwili. Na kibao chenyewe, nikiruhusiwa kuchokonoa kidogo, kimeweka "only" pale pale ambapo sisi huweka "tu": ongea Kiingereza tu. Si kosa, lakini mwanafunzi aliyezoea mpangilio huo hushangaa anapomsikia Mwingereza akisema "I only have two hundred shillings", "only" ikiwa mbali na zile shilingi mia mbili inazozihusu.

Kilichobadilika katika darasa langu baada ya siku ile ya mapokezi si kikubwa. Ile karatasi yenye vielezi sitini niliyokuwa nikiigawa wiki ya kwanza sikuigawa tena. Sasa wiki moja ni ya familia moja tu ya maneno, kwa mfano "still", "yet", "already" na "just", na wanafunzi huletewa hali za kazini kwao badala ya sentensi za akina John na Mary: chumba, boti, taksi, malipo, chakula. Kila hali huanza kwa Kiswahili, kwa dakika tano, kisha Kiswahili kinakaa kando na hali ile ile inachezwa kwa Kiingereza mara nyingi, kwa kasi, mpaka jibu litoke kabla ya tafsiri. Ni polepole. Katika miezi mitatu tunapitia maneno yasiyozidi arobaini, na mwanafunzi aliyetoka kwenye darasa la orodha hulalamika kwamba hatusongi mbele.

Wiki iliyopita kijana mmoja anayechoma mishikaki Forodhani aliniuliza swali akiwa ameshika daftari lake mlangoni, wengine wakiwa wameshaondoka. Alisema wateja wake humuuliza kila mara kama chakula kiko tayari, naye huwajibu "Still small," na wao hucheka.

"Ulitaka kusema nini?" nilimuuliza.

"Bado kidogo, Mwalimu."

Nikamwambia, "Almost." Akaniangalia kwa mashaka, kwa sababu katika neno hilo hakuiona "bado" wala "kidogo". Nikamweleza kwamba "almost" ni "all" na "most", kwamba sehemu kubwa ya kazi imekwisha, ilhali sisi tunataja ile kidogo iliyosalia jikoni. Akaiandika, akaitamka mara tatu huku akizungusha mkono kama anayegeuza mshikaki juu ya makaa, kisha akafunga daftari na kulifungua tena.

"Na 'bado sana' je?"

Nikamwambia hiyo aniletee wiki ijayo, na aje na angalau hali tatu ambazo mteja ameuliza mapema mno.